Mtoto wa mashoto na kamba za viatu

SWALI: Mwanangu ana miaka sita na nusu, yuko darasa la kwanza na anatumia mkono wa kushoto. Likizo nzima nimemfundisha kufunga kamba za viatu, hajaweza. Shangazi yake anasema nimfunge kitambaa mkono wa kushoto ili azoee wa kulia. Mama mmoja anayekanda watoto naye kasema vidole vyake vimelegea, ana mafuta ya kuvikaza. Nifanye nini? (Mzazi, Tanga)

JIBU: Mama, kitambaa hicho usikifunge. Katika kazi yangu ya tiba kwa vitendo, yaani kuwasaidia watu wamudu shughuli za kila siku, naletewa watoto wa mashoto kila mara, na wengi wao hawana tatizo ila watu wazima waliowazunguka.

Watoto wengi huweza kufunga kamba kati ya miaka mitano na saba, wengine baadaye kidogo. Mwanao hajachelewa. Nadhani kinachomkwamisha ni mahali unapokaa. Kama wewe ni wa mkono wa kulia na unakaa ubavuni pake, kila hatua inambidi aigeuze kichwani. Kaa mkabala naye, akuige kama anajitazama kwenye kioo. Kamba za nailoni za duara huteleza. Tafuta bapa za pamba, moja nyeupe na moja nyeusi. Kata nusu ya kila moja, uziunge kwa fundo chini ya matundu ya mbele. Ukimwambia "pitisha nyeupe juu" ataelewa upesi kuliko "pitisha hii".

Kisha anzia mwisho. Funga wewe kila kitu, yeye umwachie kuvuta vitanzi viwili tu. Akishalizoea hilo, mwachie na hatua iliyotangulia, hivyo hivyo mpaka mwanzo. Tazama na ua la kamba, yaani vile vitanzi viwili vikishafungwa: likilala kukingama kiatu, fundo ni zuri; likigeuka kuelekea kidoleni na kisiginoni, litafunguka njiani. Watoto wa mashoto huwapata sana hili, maana fundo la kwanza wamefundishwa kwa mkono wa mzazi na kitanzi wakakifanya kwa mkono wao. Geuza fundo la kwanza tu, basi.

Sasa hayo ya shangazi. Takriban mtu mmoja kati ya kumi ni wa mashoto, na hayo yanatokana na jinsi ubongo ulivyojipanga, si ukaidi. Kumfunga mkono hakuhamishi chochote; kunamfanya mzito wa mkono wa kulia na mwoga wa wa kushoto, na mwandiko nao unaharibika. Kula na kusalimia kwa mkono wa kulia ni adabu zetu, mfundishe, ataweza. Kuandika, kukata kwa mkasi na kufunga kamba ni ufundi wa vidole, mwachie mkono wake.

Mafuta ya kukaza vidole hayapo. Vidole hukazwa na kazi: kumenya karanga, kufinyanga unga, kubana vibanio vya nguo kwenye kamba ya kuanikia.

Ninachowachukia wauza mafuta hawa ni muda wanaoupoteza. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka kwa kawaida hutumia mikono yote miwili. Akionekana mapema hivyo anang'ang'ania mmoja, na mwingine ameukunja ngumi muda wote, hayo si mashoto. Huenda mkono ule ni dhaifu, pengine kwa mtindio wa ubongo (ubongo ulioumia mapema ukashindwa kuongoza misuli vizuri), na mazoezi yanafaa zaidi yakianza mapema. Lakini napokea watoto wa miaka mitatu waliokwisha kukandwa kwa mafuta ya kila aina, misuli imeshakakamaa, na mama anaambiwa bado chupa moja. Mtoto kama huyo mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo. Vilevile yule aliyekuwa akifunga vifungo vya shati vizuri, halafu akaanza kushindwa.