Jibu: Kabla hujapunguza klorini

Mkuu, umeuliza kama mpunguze klorini kwenye mtambo wenu wa maji kwa kuwa vipimo vya trihalomethani (kemikali zisizotakiwa zinazozaliwa na klorini majini) viko juu. Usianzie hapo. Kipindupindu hakingoji, na Shirika la Afya Duniani (WHO) wenyewe wanasisitiza uuaji wa vijidudu usilegezwe kwa ajili ya hizi kemikali.

Angalia kwanza klorini inakutana na nini. Rook, mkemia wa maji wa Rotterdam, Uholanzi, alionyesha mwaka 1974 kwamba klorofomu, mojawapo ya hizo trihalomethani, huzaliwa klorini inapogusa mabaki ya majani na mimea iliyooza majini. Nahisi nanyi mnaitia pale maji yanapoingia tu, yakiwa bado na rangi ya chai. Dozi kubwa ipelekeni baada ya chujio la mchanga.

Halafu shabu, inayogandisha mabaki hayo yazame kabla klorini haijayakuta. Pangeni glasi sita za maji ghafi, kila moja dozi yake ya shabu, pH (kipimo cha ukali wa asidi) mkiishusha karibu na 6. Koroga, acha itue. Mabonge yakizama, juu pakabaki peupe, dozi mmeipata. Msisahau kurudisha pH kwa chokaa, la sivyo mabomba yataliwa.

Na tangi la akiba likikaa limejaa siku nyingi, trihalomethani zinaendelea kuongezeka humohumo. Maji yazunguke.