Kaunti imekataa ramani zangu: niende mahakamani?

SWALI: Nina ploti ya futi 50 kwa 100 hapa Pwani, Kenya. Niliomba idhini ya kujenga fleti ya ghorofa nne, kaunti ikakataa. Barua ina tarehe 3 lakini niliipokea kaunta tarehe 12. Sababu ni mbili: jengo limezidi ukubwa unaoruhusiwa mtaa huu, na sikuacha nafasi ya kutosha upande wa barabara. Rafiki yangu anasema niende moja kwa moja Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ni sawa?
– Msomaji, Pwani

JIBU: La, usianzie huko. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 kinakupeleka kwanza kwa kamati ya rufaa ya kaunti, ile ambayo watu wa ardhi huiita Liaison Committee. Ukiiruka, wakili wa kaunti atapinga kesi yako siku ya kwanza, nawe utarudishwa nyuma kabla jaji hajafungua ramani hata moja. Mahakama za Kenya zimeshikilia msimamo huo, kwamba njia iliyowekwa na sheria ifuatwe kwanza, tangu kesi ya Karume ya 1992.

Shida yako kubwa sasa ni kalenda. Una siku 14 za kukata rufaa, na zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Hazihesabiwi tangu siku barua ilipokufikia. Tarehe 3 yenyewe haimo, kwa hiyo mwisho ni tarehe 17. Ulipoichukua barua tarehe 12 zilikuwa zimebaki siku tano tu. Tarehe 17 ikiangukia Jumapili au sikukuu, mwisho unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Peleka nakala mbili za rufaa, na yako irudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo huna ushahidi kwamba uliwahi.

Jibu kila sababu kivyake. Kuhusu ukubwa, mpangaji miji aliyesajiliwa aandike ripoti fupi: eneo la ploti, jumla ya eneo la sakafu zote, na mpango wa eneo unaruhusu kiasi gani. Picha za majengo ya jirani zisaidie ripoti hiyo, zisichukue nafasi yake; jirani kuvunja sheria hakukupi haki ya kuivunja. Kuhusu barabara, msanifu achore upya vipimo kutoka kwenye bikoni (alama za mpaka wa ploti) hadi ukutani. Ambatisha pia barua ya kukataliwa, ombi la awali, risiti za malipo, hati ya umiliki na ramani zilizogongwa mihuri.

Weka kila kitu mbele ya kamati. Watu wengi huificha karata yao nzuri wakingoja jaji, na hapo ndipo wanapopotea: Agizo la 42 la Kanuni za Mashauri ya Madai linabana sana ushahidi mpya kwenye rufaa.

Kamati inatakiwa kuamua ndani ya siku 14 tangu rufaa ifunguliwe. Ikikukatalia, ndipo unaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa memoranda ya rufaa (hati ya sababu za rufaa yako), na uifungue ndani ya siku 30. Omba nakala ya uamuzi siku hiyohiyo, kwa maandishi. Hata ukishinda, huenda jaji akafuta uamuzi na kulirudisha ombi lako kwa kaunti lifikiriwe upya.

Kama tatizo la barabara ni la mita moja hivi, kuchora upya na kuomba tena ni nafuu kuliko kesi. Lakini usiache siku 14 zipite ukingoja mchoro. Wala usichimbe msingi rufaa ikiendelea: faini inafika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi miwili, au vyote viwili.

SWALI: Na kama kaunti yangu haina kamati hiyo?

JIBU: Iandikie kaunti uulize, upate jibu au angalau muhuri kwenye nakala yako. Kifungu cha 9(4) cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 kinairuhusu mahakama kukusamehe hatua ya kupitia kamati ikiwa kuna hali ya kipekee, ila lazima uombe. Barua hiyo ndiyo ya kuambatisha kwenye hati yako ya kiapo.