Dhana zimepita mia nane na kila mtu ana kundi lake: tuzipangeje?

Swali: Sisi ni kikundi cha watu sita, wengine Tanga na wengine Pemba. Tunakusanya dhana za uvuvi wa pwani kwenye jedwali moja la pamoja mtandaoni. Tulianza na makundi manne, sasa yamefika thelathini na ushei, dhana zimepita mia nane, na "bamvua" peke yake tumeikuta mahali patatu. Je, kuna nadharia ya kutuongoza, au tupige kura tu?

Jibu: Kura msipige. Itawapa mshindi lakini haitawapa kigezo, na dhana mpya ya kesho itawarudisha palepale.

Tazameni vichwa vya makundi mlivyonitumia: "Vyombo", "Bahari", "Uvuvi wa pweza", "Kazi za wanawake". Cha kwanza kinagawa kwa aina ya kitu, cha pili kwa mahali, cha tatu kwa kiumbe anayevuliwa, cha nne kwa mtendaji. Bamvua ni mwendo wa maji, basi mmoja kaiweka "Bahari". Maji yakitoka sana ndipo mwamba unapopitika kwa miguu, basi mwingine kaipeleka kwa pweza. Na kwa kuwa wanaokwenda mwambani na kijiti wengi ni akina mama, wa tatu kaitia kwenye kazi zao. Hakuna aliyekosea. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya swali linaloulizwa.

Nadharia inayowafaa ni uainishaji kwa nyuso. Mwasisi wake ni S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati wa India aliyekabidhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924 na kuchapisha mfumo wake mwaka 1933. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia London, dukani, alipoona vipande vya Meccano, mwanasesere wa kuunganisha, vikiungwa kwa namna nyingi. Badala ya kujenga mti mmoja mkubwa na kutafuta tawi la kila kitu, unatengeneza orodha chache fupi, ndizo nyuso, kila moja ikijibu swali moja tu, kisha unaunganisha. Yeye alikuwa na nyuso tano za jumla. Msizibebe kama zilivyo. Kwa kazi yenu naona Chombo, Zana, Kiumbe, Mahali, Wakati, Tendo na Mtendaji.

Sasa bamvua inakaa mara moja tu, kwenye Wakati, kwa kuwa ni kipindi kinachorudi mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. "Uvuvi wa pweza" haubaki kuwa kundi. Unakuwa muungano: pweza, kijiti, mwamba, bamvua, kuchokoa.

Ndani ya kila uso, angalieni mishale yenu inayounganisha dhana na dhana. Mmeweka dema chini ya "mtego" na foromali chini ya "ngalawa" kwa mshale uleule. Kila dema ni mtego, sawa. Foromali si ngalawa. Ni sehemu yake. Hiyo ni mishale miwili tofauti, na anayetafuta aina za ngalawa hataki kuletewa mlingoti na tanga. Uhusiano wa bamvua na pweza ni wa tatu: vinakwenda pamoja, basi.

Kila dhana ipewe namba isiyo na maana yoyote. Mfumo wa Dewey wa mwaka 1876, wa kupanga vitabu maktabani, ulifunga namba na nafasi, ndiyo maana hadi leo katika maktaba nyingi Ukristo una 220 hadi 280 huku Uislamu ukibanwa kwenye 297. Namba tupu haizeeki. Majina yaingie safu nyingine: moja kuu, mengine ya ziada, ili dema ya kwenu na lema ya Kenya vishike namba moja. Na kaskazi ipewe mbili, ya upepo na ya msimu.

Kuhusu kufanya kazi pamoja, sheria ninayoisisitiza ni hii: fasili kwanza, nafasi baadaye. Yeyote aongeze dhana, lakini kwa fasili ya sentensi moja. Wawili waipange bila kuonana. Wakitofautiana, msibishane juu ya uso; rudini kwenye fasili, aghalabu kasoro iko pale. Nyuso zenyewe zibadilishwe kikaoni tu, na dhana iliyoachwa isifutwe: iwekewe alama na namba ya iliyochukua nafasi yake. Programu maalumu bado hamhitaji. Siku mkihamia kwenye SKOS, kiwango cha kuandika orodha za dhana kwa kompyuta kilichotolewa mwaka 2009 na W3C, shirika la viwango vya mtandao, safu hizi zitaingia bila taabu kubwa.

Tena nimeona mlifungua "Kazi za wanawake" na hakuna aliyefungua "Kazi za wanaume". Uso wa Mtendaji utawalazimisha kuijaza safu hiyo hata kwenye nyavu za jarife na juya. Anzeni na huo, ndio wenye mapengo mengi.