Maswali na Majibu: Douglas Wilder, Gavana wa Virginia

Maswali ya safari hii yanamhusu Lawrence Douglas Wilder, aliyeliongoza jimbo la Virginia nchini Marekani tangu Januari 1990 hadi Januari 1994. Wengi wanamfahamu kwa jambo moja tu, nalo ni kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa gavana. Sifa hiyo anaistahili, lakini kwa maoni yangu imefunika mengi aliyoyatenda kabla ya ushindi huo na baada yake.

Je, kabla yake hapakuwa na gavana Mweusi hata mmoja?

Alikuwepo mmoja, ila hakuchaguliwa na wananchi kushika nafasi hiyo. P. B. S. Pinchback alikaimu ugavana wa Louisiana kwa wiki chache, kuanzia Desemba 1872 hadi Januari 1873, wakati gavana aliyekuwa madarakani alipokabiliwa na mashtaka ya kumwondoa. Baada yake hakuna Mweusi mwingine aliyekalia kiti cha ugavana katika jimbo lolote mpaka Wilder alipoapishwa.

Alilelewa katika mazingira gani?

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 katika mtaa wa Church Hill, jijini Richmond, mji ambao ulikuwa makao makuu ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Babu na bibi yake mzaa baba walizaliwa watumwa. Akiwa kijana alifanya kazi ya kuhudumia wageni mezani katika hoteli za mji huohuo, akapata shahada ya kemia mwaka 1951, kisha akaitwa jeshini na kupelekwa Korea, ambako alitunukiwa Nishani ya Nyota ya Shaba kwa ushujaa wake katika mapigano ya Pork Chop Hill. Aliporejea alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kwa msaada ambao serikali iliwapa askari waliotoka vitani, na akahitimu mwaka 1959, wakati viongozi wa Virginia walikuwa bado wakipigana kufa na kupona kuzuia watoto Weusi na Weupe wasisome pamoja.

Virginia ina wapiga kura wengi Weupe. Aliwezaje kuwashawishi?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na jibu lake halianzii mwaka 1989, alipochaguliwa kuwa gavana. Wilder aliingia Seneti ya jimbo kwa uchaguzi wa mwaka 1969, akiwa Mweusi wa kwanza humo tangu miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865). Katika hotuba yake ya kwanza aliukosoa wimbo rasmi wa jimbo, ambao ndani yake mtu Mweusi anamlilia kwa mapenzi bwana wake wa zamani. Wenzake wengi walichukizwa, na wimbo ukaendelea kutumika hadi mwaka 1997. Hata hivyo, hakuwapa kisogo wenzake hao. Alikaa nao kwenye kamati mwaka baada ya mwaka, akajifunza taratibu za bunge hadi wakawa hawawezi kumkwepa.

Alipogombea unaibu gavana mwaka 1985, chama chake chenyewe, Democratic, kilikuwa na wasiwasi, naye hakuwa na fedha nyingi. Alipanda gari akazunguka jimbo zima kwa muda wa karibu miezi miwili, akianzia milima ya kusini-magharibi yenye migodi ya makaa ya mawe, mahali ambapo mgombea Mweusi alidhaniwa hana lake. Tangazo lake lililokumbukwa zaidi kwenye televisheni lilimwonyesha polisi Mweupe wa mji mdogo, akiwa katika sare yake, akimuunga mkono kwa lafudhi ya watu wa huko. Alishinda.

Kwa nini basi ushindi wa mwaka 1989 ulikuwa mwembamba kiasi kile?

Watu walioulizwa wakitoka vituoni walionyesha kwamba angemshinda J. Marshall Coleman wa chama cha Republican kwa takriban asilimia 10. Kura zilipohesabiwa, tofauti ilikuwa kama 6,700 kati ya takriban kura milioni 1.8, na hesabu ya marudio ikathibitisha ushindi wake. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba baadhi ya wapiga kura Weupe waliona haya kusema hadharani kuwa hawakumchagua. Lililomwokoa, kwa sehemu kubwa, ni msimamo wake kwamba uamuzi wa kutoa mimba ni wa mwanamke mwenyewe, suala lililopamba moto mwaka huo baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuyapa majimbo nafasi kubwa zaidi ya kuweka vizuizi.

Alifanya nini akiwa madarakani?

Alikuta mapato yakiporomoka kwa sababu ya mdororo wa uchumi, na pengo la bajeti likapita dola bilioni 2. Alikata matumizi bila huruma badala ya kuongeza kodi, akasimamia pia kuanzishwa kwa mfuko wa akiba wa jimbo. Mwaka 1990 aliagiza taasisi za jimbo ziondoe uwekezaji wao katika kampuni zilizofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu, na mwaka 1993 akapitisha sheria iliyomzuia mtu kununua zaidi ya bastola moja kwa mwezi.

Ninachoshindwa kukikubali ni adhabu ya kifo. Aliwahi kuipinga, kisha akiwa gavana akaruhusu itekelezwe mara kadhaa. Hata Earl Washington, mtu mwenye ulemavu wa akili ambaye vipimo vya vinasaba vilitia shaka kubwa juu ya hatia yake, alibadilishiwa tu adhabu kuwa kifungo cha maisha, Januari 1994. Gavana mwingine ndiye aliyemsamehe kikamilifu mwaka 2000.

Mbona aliongoza kipindi kimoja tu?

Katiba ya Virginia hairuhusu gavana kushika vipindi viwili mfululizo. Wilder alijaribu kuwania urais, akajitoa Januari 1992, na baadaye akawa meya wa Richmond kuanzia 2005 hadi 2009. Marekani haikumchagua gavana mwingine Mweusi hadi mwaka 2006, Deval Patrick aliposhinda Massachusetts.