Baiskeli ya changarawe bila magari, karibu na Berlin

Mdogo wangu, umeuliza uende wapi na hiyo baiskeli mpya ya changarawe, ile ya njia za vumbi na kokoto, maana magari ya Berlin yanakutia woga, mi nakwambia panda treni mpaka Waren, kaskazini huko, ziwa Müritz liko hapo hapo mjini, kilomita za mraba kama 117, halafu mashariki yake ndo msitu wa hifadhi ya taifa, ilianzishwa 1990. Toka Waren shika njia ya vijiji vya Federow, Speck, mpaka Boek, hakuna milima ya kukutoa roho, ni misonobari, vinamasi na viziwa vidogo vidogo tu.

Ila mchanga! Kuna vipande laini kabisa, tairi la mbele linazama linavuta pembeni, sasa we weka tairi za milimita 40 kwenda juu, punguza upepo kidogo, usikaze mikono kwenye usukani, piga pedali tu usiache. Mi nimemwona tai wa mkia mweupe pale anapita chini chini juu ya maji, nikasimama kabisa.

Tiketi ya treni ya baiskeli kata mapema, ni tofauti na yako. Na beba maji ya kutosha, maduka humo msituni ni ya kutafuta.