Uzi wa sufu uliotiwa rangi nyumbani: mabaka na kuchuja

Umesema uzi wako umetoka na mabaka na bado unachuja kila ukiufua. Mabaka husababishwa na siki kutiwa mapema: asidi huifanya sufu inyakue rangi pale inapogusana nayo kwanza, na penginepo pakabaki peupe. Kuchuja ni dalili ya moto mdogo au muda mfupi.

Kwa gramu 100 za uzi, tumia gramu 1 ya rangi ya unga aina ya asidi, yaani rangi ya sufu inayoshika kwa msaada wa asidi kama siki. Kwa rangi iliyokolea, gramu 2. Funga uzi sehemu nne, lakini kwa kulegeza, maana fundo likikaza hapo chini hapaingii kitu. Loweka nusu saa, kisha uweke kwenye sufuria yenye maji ya vuguvugu na rangi iliyokwisha yeyuka. Pasha polepole. Maji yakianza kutoa mvuke, inua uzi kando, mimina siki nyeupe mililita 60, koroga, urudishe. Shikilia nyuzijoto 82 hadi 85 kwa dakika 30, yasichemke wala usikoroge ovyo, la sivyo sufu itagandamana na kusinyaa.

Chota maji kwa kijiko cheupe: yakiwa meupe, rangi imeingia yote. Acha upoe humohumo sufuriani kabla ya kusuuza; haraka hapa ndiyo huharibu uzi mwingi.

Sufuria hiyo usiipikie tena. Na kama uzi ni wa pamba, siki haikusaidii kitu. Pamba hutaka rangi ya aina nyingine kabisa, inayoshikishwa kwa magadi.