Samaki wa kuzalishwa naye anahitaji karantini

Je, samaki wa baharini aliyezalishwa tangini, si wa kuvuliwa, naye awekwe karantini? Ndiyo, naye mtenge kwanza kabla ya kumchanganya na wengine. Hana kinga ya pekee: akikaa dukani kwenye maji yanayozunguka pamoja na samaki wa kuvuliwa, huokota vimelea vya madoa meupe. Kabla ya kulipa, omba alishwe mbele yako. Mashavu yakipiga mbio na chakula hagusi, mwache.

Nyumbani tumia matangi mawili matupu, bila mchanga wala mawe, yenye hita, jiwe la hewa (kifaa cha kutoa mapovu) na kipande cha bomba ajifiche. Mhamishe toka tangi moja hadi jingine kila baada ya saa 72, mara nne, ili aviache nyuma vimelea vya madoa meupe. Tangi analotoka, pamoja na kijinyavu, likauke kabisa. Pima amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kila siku. (Vumbi la dhahabu mwilini ni ugonjwa mwingine, huo hauishi kwa kuhamahama; unataka dawa ya shaba.)